Habari za Masafa Katika Njia ya Malaba

Alfajiri, wakati jiwe la Tororo upande wa magharibi lingali kivuli kitupu, na malori yaliyokesha katika foleni ya forodha ya Malaba bado hayajawashwa, hutokea kijana mmoja katika njia ya vumbi itokayo kwenye nyumba za Amagoro, akasimama kando ya barabara kuu mahali pasipo mti wala paa, akauinua mkono wake wa kushoto na kuutazama kwa saburi, kama mtu aliyepiga hodi na sasa anangoja kuitikiwa. Hana simu, wala hana mfuko wa kuitia. Amevaa bukta na fulana, na mali yake yote wakati huo ni viatu vyake na ile saa iliyofungwa katika kifundo cha mkono. Zikipita sekunde thelathini hivi saa hutetemeka kidogo, naye huondoka. Na arudipo, jua limekwisha kupanda juu ya mashamba ya mihogo na mtama, aweza kukuambia bila kumwuliza mtu wala kutazama jiwe la barabarani ya kwamba amekwenda kilomita 12 na mita 340, na ya kwamba kilomita ya tisa, ile yenye mwinuko, ilimchukua muda mrefu kuliko ya nane.

Wako wanaoliona jambo hili kuwa ni pambo la ujana lililoingia juzi pamoja na simu na miziki. Mimi, niliyezoea kumwona kijana huyo akipita, naliona kuwa ni mwisho wa habari ndefu, au tuseme ni kituo cha karibu katika habari ambayo haijesha. Kwani njia hii ipitayo Amagoro ni miongoni mwa njia za Afrika Mashariki zilizopimwa mara nyingi, na watu wa kila namna, kwa vipimo vya kila namna, na karibu wote walioipima walikuwa na jambo moja la kufanana: waliichukua hesabu ya masafa wakaenda nayo, hii ikaandikwa katika daftari la kampuni, hii katika ramani ya serikali, hii katika ubao wa reli, ilhali yule aliyeitembea kwa miguu yake, na ambaye kwa jasho lake hesabu hiyo ilipatikana, alirudi kwao bila kujua amekwenda kiasi gani. Ni habari hiyo ninayotaka kuieleza.

Wazee wetu wa pwani, ambao ndio waliotuachia lugha ya kuhesabia, hawakupungukiwa na vipimo. Mwili wa mwanadamu ndio uliokuwa asili ya vipimo vyote: baina ya ncha ya kidole gumba na ncha ya kidole cha shahada ni morita, baina ya gumba na kidole cha mwisho ni shibiri, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati ni dhiraa, ambayo wengine waliiita mkono, na mikono miwili ikinyoshwa kulia na kushoto, kutoka ncha hadi ncha, ni pima. Kwa hivi nguo zilikatwa, visima vilichimbwa, na kamba zilishushwa baharini kujua kina. Lakini nani atainyoshea njia mikono yake kutoka Mombasa hadi huku kwetu? Kwa hiyo safari ilipimwa kwa mwili ule ule kwa namna nyingine, yaani kwa uchovu wake. Aliyeuliza mji fulani uko mbali gani hakujibiwa kwa idadi ya pima, wala kwa farsakh za vitabu vya Kiarabu. Alijibiwa kwa siku na kwa vituo: siku tatu hadi mto, siku mbili nyika tupu isiyo na maji, kisha kituo chenye kivuli ambapo misafara hupumzika na kununua chakula.

Na siku hiyo si siku ya mtu yeyote tu. Ni siku ya mpagazi aliyejitwisha frasila mbili, na kila frasila ni ratili 35 au kilo 16 hivi, akaondoka kabla ya mapambazuko na kutua mzigo jua likianza kuwa kali, akiwa amekwenda labda maili 10, labda 15, kwa kadiri ya njia na afya yake. Palipokuwa na ukosefu wa maji msafara ulifanya tirikeza, yaani uliondoka alasiri, ukatembea hadi usiku, ukalala bila kupika, na asubuhi ukaendelea mpaka kisimani. Neno hilo msafiri Mwingereza Burton alilisikia katika safari yake ya miaka ya 1857 hadi 1859, akaliandika katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1860. Nalo kwa hakika ni kipimo, maana mwenye kusema kwamba mahali fulani hapafikiki ila kwa tirikeza amekwisha kukueleza masafa, ukame, na hali ya miguu ya watu kwa neno moja. Sijui neno la kilomita linaloweza kubeba kiasi hicho.

Elimu hii haikuwa ya kubahatisha. Mwaka 1870 jarida la Royal Geographical Society la London lilichapisha orodha ya njia za misafara kutoka pwani kwenda bara, iliyoandikwa na Thomas Wakefield, mmisionari wa Kimethodisti. Na mwenyewe Wakefield alikiri kwamba sehemu kubwa ya habari hizo alipewa na Sadi bin Ahedi, mtu wa upande wa Gazi, kusini ya Mombasa. Kituo baada ya kituo, siku baada ya siku, Sadi aliyatoa moyoni mwake masafa ya nchi ambazo hakuna Mzungu aliyekuwa amezikanyaga. Natamani watoto wa shule wangelijua jina lake kama wanavyolijua jina la msafiri Joseph Thomson; kwa kuwa mtu aliyeweza kukaa barazani na kuipanga Afrika ya Mashariki kwa vituo, bila karatasi, alikuwa mwanazuoni wa jiografia kwa maana halisi ya neno.

Walakini kipimo cha siku kina taabu yake kikitiwa katika ramani. Miaka kumi na mitano hivi kabla ya orodha hiyo, wamisionari Jakob Erhardt na Johannes Rebmann waliwauliza wafanya biashara wa pwani habari za bara, na kila aliyefuata njia yake aliwaambia kwamba baada ya siku kadha wa kadha utafika kwenye maji makubwa. Wamisionari wakazigeuza siku kuwa maili, wakayaunganisha maji yote, na ramani yao iliyochapishwa mwaka 1856 ikaonyesha ziwa moja lenye umbo la konokono asiye na gamba, kubwa kiasi cha kuwashangaza wataalamu wa Ulaya. Wale wafanya biashara hawakusema uwongo, kwani maziwa yako, na siku walizozitaja walizitembea. Kilichopotea ni uhusiano baina ya mguu na karatasi, na kuutafuta uhusiano huo ndiko kulikowashughulisha wapimaji kwa miaka mia iliyofuata.

Nchi yetu hii watu wa misafara waliijua kwa jina la Kavirondo, na kituo chake kikuu kilikuwa Kwa Sundu, mji wa Shiundu mtawala wa Wanga, ambao baadaye ulichukua jina la mwanawe Mumia na mpaka leo unaitwa Mumias. Joseph Thomson, aliyeondoka pwani mwezi Machi 1883 na kuvuka nchi ya Wamasai akifuatana na Jumbe Kimameta, mfanya biashara wa pembe kutoka Pangani, alipitia hapo akaliona ziwa mwezi Desemba mwaka huo huo. Baada yake misafara ya kwenda Buganda ilizidi, na pamoja na misafara walikuja matarishi.

Kwa tarishi lazima nisimame kidogo, maana naamini kwamba huyu ndiye babu wa kijana wetu wa Amagoro. Mpagazi alikwenda kwa mwendo wa mzigo wake, lakini tarishi alikwenda kwa mwendo wa miguu yake. Hakubeba frasila, alibeba barua tu, zimebanwa katika mwanya wa fimbo iliyopasuliwa kichwa ili jasho lisizifikie, na fimbo hiyo ikiinuliwa juu ilikuwa ndiyo hati yake ya kupita. Barua zilizotoka Mombasa kwenda Buganda zilikwenda hivyo, mkono hata mkono. Mwaka 1895 kasisi Ernest Millar alizipiga kwa mashine yake ya kuandikia stempu za kwanza za Uganda, na thamani yake ikahesabiwa kwa kauri, zile simbi za baharini zilizokuwa sarafu ya nchi. Basi mwendo wa tarishi ukawa na bei iliyoandikwa; lakini bei hiyo ilikuwa ya barua, na masafa yake mwenyewe, ambayo pengine hakuna mkimbiaji wa leo awezaye kuyarudia wiki baada ya wiki kwa miguu mitupu, hayakuandikwa popote.

Kisha ikaja barabara. Kampuni ya Imperial British East Africa ilianza mwaka 1890 kufungua njia ya magari ya ng'ombe kutoka Mombasa, na serikali ilipoishika nchi, Kapteni Sclater na watu wake waliiendeleza kutoka Kibwezi mpaka Busia, ikatimia mwaka 1896, urefu wake takriban maili 600. Watu husahau kwamba barabara kubwa ya kwanza ya Kenya ilikuwa na ncha mbili, na ncha moja ilikuwa baharini na ya pili ilikuwa hapa petu. Njia hiyo haikupimwa kwa siku. Ilipimwa kwa mnyororo, na mnyororo wa mpimaji wa Kiingereza ulikuwa na futi 66, hata minyororo 80 ikatimiza maili moja. Mtu mmoja hushika ncha ya mbele, mwingine ncha ya nyuma, wa mbele huchomeka kijiti, wa nyuma hukiokota, na hivyo hivyo kutoka asubuhi mpaka jioni. Washika mnyororo walikuwa watu wetu. Wao ndio waliozihesabu hatua za nchi kwa mikono yao, na hesabu ikasomwa na mwingine.

Reli ilifika Kisumu mwezi Desemba 1901, na miezi michache baadaye, tarehe 1 Aprili 1902, jimbo la mashariki la Uganda, lililokuwa likienea mpaka upande wa Naivasha, lilihamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki. Kwa kalamu hiyo mto Malaba ukawa mpaka, na Wateso waliokuwa wakivuka kwenda kuoa na kuzika wakajikuta wana serikali mbili. Njia nyingine ya reli ilikuja baadaye kupitia Eldoret, ikavuka Malaba kwenda Tororo, na mwaka 1931 ikafika Kampala. Pamoja na reli na barabara, maili iliingia katika ndimi za watu kwa nguvu ambayo siku na vituo havikuwa nayo, maana sasa ilikuwa imeandikwa kwenye jiwe na ubao. Mpaka leo, ijapokuwa tumeingia katika kilomita tangu siku nyingi, Eldoret ina mtaa uitwao Maili Nne, Nakuru ina Maili Kumi, na Kibaha katika Tanzania ina Maili Moja. Mimi huyapenda majina hayo, nayo hunihuzunisha kidogo, kwa sababu ni masafa yaliyosahau mwanzo wake. Mwulize mtoto aliyezaliwa Maili Kumi ni maili kumi kutoka wapi, na aghalabu atakuambia hilo ni jina tu.

Hapa mpakani masafa yalipata bei nyingine tena. Vituo viwili vya forodha, cha Kenya na cha Uganda, vilitenganishwa na kipande cha njia kisicho cha upande wowote, na msafiri aliyeteremka katika basi na mizigo yake alilazimika kukivuka kwa miguu. Katika miaka ya sitini na sabini vijana wenye baiskeli walianza kuwavusha watu hao, wakiita neno la Kiingereza la mpaka mara mbili kwa lafudhi ya huku, boda boda. Na neno hilo lililozaliwa Busia na Malaba sasa linatumika Kampala, Nairobi na miji mingine mingi, hata na watu ambao hawajapata kuona mpaka wowote. Mwenye baiskeli hakuwa na haja ya kilomita, kwani aliyajua masafa kwa mapaja yake na kwa nauli, na kama mzigo wa frasila mbili ulikuwa kipimo cha mpagazi, basi abiria mwenye gunia alikuwa kipimo chake.

Nimeitaja baiskeli kwa sababu nyingine pia, ambayo huenda ikamstaajabisha msomaji. Mbio za barabarani za dunia nzima, zile ambazo Eliud Kipchoge na marehemu Kelvin Kiptum wamezitukuza, masafa yake hayathibitishwi kwa setilaiti. Huthibitishwa kwa baiskeli. Kifaa kidogo kilichobuniwa mwaka 1971 na Alan Jones, Mmarekani wa New York, hufungwa katika gurudumu la mbele na kuhesabu mizunguko na vipande vya mizunguko. Mpimaji kwanza hulipanda baiskeli lake mara kadhaa juu ya mstari mnyofu uliopimwa kwa utepe wa chuma, ili ajue kilomita moja ni hesabu ngapi, kisha huifuata njia ya mbio kwa mkato mfupi kuliko yote ambao mkimbiaji angeweza kuufuata, sentimita 30 kutoka ukingo katika kila pembe. Juu ya hesabu hiyo huongezwa mita moja kwa kila kilomita, ili njia isije ikawa fupi na rekodi ikabatilika. Kwa hiyo marathoni, ambayo kwa kanuni ni kilomita 42 na mita 195, kipimo kilichotokana na mbio za London za mwaka 1908 na kukubaliwa rasmi mwaka 1921, aghalabu huzidi kidogo kwa ihtiyati. Kiptum alipokimbia Chicago mwezi Oktoba 2023 kwa saa 2, sekunde 35, njia aliyoikanyaga ilikuwa imekwisha kuendeshwa baiskeli kwa adabu na uangalifu. Nikizikumbuka baiskeli za Malaba zilizojua njia hatua kwa hatua pasipo mtu kuziuliza, nahisi kama tulikuwa na chombo cha elimu mlangoni tukakitumia kwa kubebea mizigo tu.

Sasa tuje kwenye saa. Mtu amejaribu kwa muda mrefu kutengeneza chombo kitakachokwenda naye na kumhesabia. Vihesabu hatua vilikuwako zamani, na mwaka 1965 Wajapani walikitoa kile cha kufungwa kiunoni, ambacho jina lake lilikuwa kipimo cha hatua elfu kumi, na hapo ndipo lilipotoka shauri la kutembea hatua elfu kumi kwa siku, ambalo wengi hulidhania kuwa ni amri ya tabibu. Lakini hatua si masafa. Hatua ya kupanda si hatua ya kushuka, na hatua ya kilomita ya kwanza si ya kumi na mbili.

Njia nyingine ilitoka mbinguni, na ilianza kwa kusikiliza. Warusi waliporusha Sputnik tarehe 4 Oktoba 1957, vijana wawili wa maabara ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, William Guier na George Weiffenbach, waliusikiliza mlio wake katika redio, wakatambua kwamba kupanda na kushuka kwa sauti hiyo kunawaambia setilaiti iko wapi. Mkubwa wao akaligeuza swali: ikiwa mtu aliye ardhini aweza kujua mahali pa setilaiti, basi kwa setilaiti ijulikanayo mahali pake aweza kujua mahali pake mwenyewe. Afrika Mashariki haikuwa mbali na mambo hayo, kwani katika bahari ya Malindi Waitalia walikuwa na jukwaa la San Marco, na hapo tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu ya saba ya uhuru wa Kenya, ilirushwa setilaiti ya Kimarekani ya kuchunguza miali ya eksirei ya nyota, ikaitwa kwa neno letu, Uhuru. Wale waliouona moto ule ukipanda kutoka baharini sidhani walifikiri ya kwamba watoto wa wajukuu wao watakuja kukimbia kwa kuuliza mbinguni.

Setilaiti ya kwanza ya mfumo wa GPS ilirushwa na jeshi la Marekani mwezi Februari 1978. Mwaka 1983, baada ya ndege ya abiria ya Korea kupotea njia na kuangushwa na Warusi pamoja na watu 269, Rais Reagan aliahidi kwamba mfumo huo utafunguliwa kwa raia wa dunia bila malipo. Lakini kwa miaka mingi raia walipewa kipimo kilichochafuliwa makusudi, kikosacho kwa karibu mita 100, ambacho kwa meli ni chema na kwa mkimbiaji ni bure kabisa. Uchafu huo uliondolewa usiku wa kuamkia tarehe 2 Mei 2000, kwa amri ya Rais Clinton, na kosa likashuka chini ya mita 20. Mwaka 2003 kampuni ya Garmin ilitoa saa ya Forerunner ya wakimbiaji, nene kama kipande cha sabuni. Mwaka 2015 Apple ilitoa saa yake ya kwanza, nzuri kwa sura lakini isiyoweza kupima njia sawasawa bila kuazima GPS ya simu, na ilikuwa Septemba 2016 ndipo toleo la pili lilipopewa kipokezi chake lenyewe. Tofauti hiyo ndiyo inayopaswa kuulizwa dukani hata leo, maana saa nyingi za bei nafuu zinazouzwa katika masoko ya mpakani huonyesha ramani na kilomita maadamu simu iko karibu, na simu ikiachwa nyumbani hurudi kuwa vihesabu hatua tu.

Afanyalo kijana anaposimama na kuinua mkono ni hili. Setilaiti zipatazo thelathini zinaizunguka dunia kwa urefu wa kilomita 20,200, na kila moja inatangaza saa yake, saa ya atomu isiyopoteza ila chembe ndogo sana, pamoja na habari za mahali ilipo. Kipokezi kikizisikia nne kwa uchache, huhesabu kila sauti imechukua muda gani kufika, na kwa kuwa mawimbi ya redio hukata mita 300 katika sehemu moja ya milioni ya sekunde, kukosea muda kidogo ni kukosea mahali sana. Saa iliyounganishwa na simu jana huwa imekwisha kupewa ratiba ya setilaiti za siku zijazo, na hupata jibu upesi. Isiyounganishwa kwa majuma hungoja zaidi, kwani haina budi kuisikiliza ratiba hiyo kutoka huko juu, pole pole. Baada ya hapo huandika nukta ya mahali pake karibu kila sekunde na kuziunganisha nukta hizo. Lakini hazikai sawa. Moja huangukia kushoto, moja kulia, na mstari uliokuwa mnyofu hupata kigugumizi, ndiyo sababu saa aghalabu huhesabu zaidi kidogo kuliko baiskeli la mpimaji, na mkimbiaji akamaliza marathoni saa ikisema amekwenda kilomita 42 na nusu. Karibu na Malaba, ambapo matrela husimama kama ukuta wa bati maili baada ya maili, mawimbi hugonga chuma na kurudi, na ramani ya mbio huonekana kama kijana alipanda juu ya malori. Tena atakayeiweka njia yake juu ya ramani za zamani za serikali, zilizofuata upimaji wa Arc 1960, ataikuta imehama kwa takriban mita 300. Mahali ni pale pale na urefu ni ule ule, ila kila mfumo umeiwazia dunia umbo lake.

Pasipo sauti za mbinguni, saa haikati tamaa. Ndani yake mna kihisi kinachosikia mkono ukiyumba, na kwa kuwa katika asubuhi za anga wazi kimekwisha kujifunza ya kwamba mtu huyu, kwa mwendo huu, hatua yake ni kiasi hiki, huendelea kuhesabu kwa hatua mpaka setilaiti zirudi. Jambo hili lanifurahisha kuliko yote. Baada ya minyororo, reli, na vyombo vya jeshi vilivyotundikwa juu ya mawingu, mwishoni kabisa kipimo kinarudi kuwa mguu wa mtu fulani, kama shibiri ilivyokuwa mkono wa mtu fulani.

Na kutobeba simu si jambo dogo huku. Simu huruka mfukoni na kuloa jasho. Alfajiri, kwenye barabara yenye watu wageni, yaweza kumletea mwenyewe balaa. Na akikaribia mto hupokea salamu za mitandao ya Uganda, zikimjulisha kwamba yuko nchi nyingine na kumweleza bei. Saa iliyo mkononi haijui hayo. Setilaiti haziulizi kitambulisho, na masaa ya Kenya na Uganda ni yale yale, kwa hiyo njia ya kijana huandikwa moja, kama ilivyokuwa njia ya mababu zake kabla ya mwaka 1902. Yeye hugeuka darajani kwa sababu ya sheria, na katika kile kistari chembamba anachokitazama jioni akiwa kibarazani kugeuka huko huonekana kama ncha ya kisu.

Jirani yangu mmoja, mama wa makamo ambaye maisha yake yote amekwenda sokoni kwa miguu, alinikuta siku moja nikizungumza na kijana huyo habari za kilomita 12. Kijana alimwamkia, akamwonyesha saa, akamweleza kwa heshima jinsi inavyohesabu. Mama akasikiliza mpaka mwisho, akaishika saa baina ya vidole viwili.

"Na ulipokwenda hizo kumi na mbili, mwanangu," akauliza, "ulikuwa umebeba nini?"

"Sikubeba kitu, mama."

Akatafakari, akatazama upande wa barabara. Kisha akasema kwamba basi kutoka kwake hadi soko, siku ya kwenda na mihogo, ni mbali zaidi ya hapo, ingawa siku ya kurudi hupungua.